Jengo Lisilo na Wakazi

Kwa miaka ishirini na sita Mama Vifungo alikuwa na jibu moja tu kwa yeyote aliyebisha hodi na karatasi mkononi: "Sisi hatulali hapa. Hapa ni kazi tu, jioni tunarudi makwetu." Alilisema pini zikiwa mdomoni, macho makavu, na ungemwamini, hata kama nyuma yake birika la chai lilikuwa linatokota.

Alikuwa fundi cherehani, ghorofa ya pili, katika jengo kuukuu katikati ya jiji. Leseni ya jengo ilisema maduka na ofisi, kulala marufuku. Mwenye jengo alijua kila kitu, akajitia hamnazo. Basi familia kumi na tisa ziliishi humo kwa kujificha, na mwalimu wa kujificha alikuwa yeye. Magodoro yakunjwe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nguo zianikwe ndani. Sufuria ziingie chini ya meza. Watoto waandike anwani ya shangazi shuleni. Binti yake mwenyewe, kitindamimba, alifika kidato cha nne bila rafiki hata mmoja kujua anakolala. Hilo lilimuuma sana mama mtu, lakini angefanyaje? Wateja wake wote walikuwa pale mtaani, na hakuwa na pengine pa kwenda.

Kisha manispaa ikaamua kufufua katikati ya jiji. Wakapita wasichana wawili wenye fomu, mlango hadi mlango, wakiuliza maoni ya watu. Swali la kwanza: je, unaishi hapa? Jibu mnalijua. Sasa, aliyejibu hapana alirushwa moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho, ukurasa wa wageni, na huko akaulizwa jambo moja tu: ni kitu gani kitamrahisishia kuja mjini. Mama Vifungo alitaka waondoke upesi, maana chai ilikuwa inafurika.

"Maegesho," akasema. "Andika maegesho ya magari."

Kinyozi wa chini aliposikia kwamba jibu limepita salama, naye akasema maegesho. Jengo zima likasema maegesho. Na katika familia zote kumi na tisa, jamani, hakuna aliyekuwa na hata baiskeli.

Matokeo yalisomwa Ijumaa mchana kwenye ukumbi wa manispaa. Afisa mipango, kijana mpole mwenye miwani, alibandika ramani ukutani.

"Katikati ya jiji pamekufa," alisema. "Watu wanakuja kazini, wanaondoka. Katika jengo hili, kwa mfano, tumekuta wakazi sifuri, na karibu wote tuliowahoji wanataka maegesho. Kwa hiyo tunapendekeza upande wa nyuma ubomolewe, magari yapate nafasi."

Upande wa nyuma ndiko vilikokuwa vyumba vyote vya kulala.

Mama Vifungo akapiga hesabu. Akinyamaza, nyumba imekwenda. Akisema, amekiri kuvunja sheria, na nyumba imekwenda vilevile, tena yake peke yake. Akamtazama Kinyozi, naye anajitazama kucha. Akawatazama wengine, wanafunzi wake wote, wametulia tuli kama maji mtungini. Na kilichomkera zaidi ni kwamba ramani yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikuwa na taa, miti na viti vya kupumzikia, vitu alivyovitamani tangu binti yake ana miaka mitano na anacheza ngazini kwa kunong'ona. Hakuna aliyemuuliza kama anavitaka. Au tuseme ukweli: aliulizwa, akakana kwamba yupo.

Akapiga moyo konde, akasimama.

"Mwanangu, hiyo sifuri ifute. Mimi naishi pale."

Afisa akapekua karatasi zake. "Mama, fomu yako inasema huishi."

"Nilidanganya. Nimedanganya miaka ishirini na sita. Na hayo maegesho pia ni uongo, mimi sina hata toroli."

Watu wakacheka. Afisa hakucheka. Alivua miwani, akauliza taratibu, "Kuna mwingine anayeishi pale?"

Mtu akakohoa, na ikaishia hapo.

"Mama," alisema afisa, na ilionekana kabisa kwamba hakupenda kusema, "mtu mmoja hawezi kugeuza mchoro. Kesho saa tatu nitapita mwenyewe mlango kwa mlango. Nikikuta watu wanaishi, nitaurudisha mchoro mezani na mtaulizwa upya. Nikikukuta wewe tu, sheria ni sheria. Utakuwa na siku thelathini za kuhama."

Jioni Kinyozi alipanda ngazi, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada, umetuanika."

"Nimejianika mwenyewe. Wewe ulikuwa unatazama kucha."

"Nina mtoto mchanga. Wakiamua kutufukuza, nimpeleke wapi?"

"Na wakibomoa, utampeleka wapi?"

"Angalau jina langu halitakuwa kwenye karatasi zao."

Maneno hayo yalikuwa ya Mama Vifungo. Alimpa mwenyewe siku Kinyozi alipohamia na mkewe na begi moja: mdogo wangu, jina lako lisiandikwe popote. Hasira zilimpanda, na alijua fika kwamba robo tatu ya hasira hizo ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Kinyozi akashuka.

Asubuhi binti aliinama kukunja godoro lake, kama alivyofanya tangu alipoweza kubeba kitu.

"Liache," mama yake akamwambia.

"Liache hivi hivi?"

"Hivi hivi. Na mlango ufungue."

Wakakaa na vikombe vyao. Godoro wazi, sufuria juu ya meza, sare ya shule ikining'inia dirishani. Mama Vifungo alijiona kama yuko uchi, akavuta kanga mabegani ingawa hakukuwa na baridi.

Saa tatu kasoro, viatu vya afisa vikasikika chini. Ngazi za jengo lile hazifichi neno. Akabisha kwa mchapishaji wa kadi.

"Hapa ni kazi tu," sauti ikajibu. "Jioni tunarudi makwetu."

Mlango wa pili ukajibu hivyo hivyo, neno kwa neno. Mama Vifungo alikuwa amewafunza vizuri mno. Akaanza kuwaza ni nani angempokea na cherehani mbili na mtoto wa kidato cha nne, na hakumpata.

Afisa akabisha mlango wa tatu.

"Kaka, unaishi hapa?"

Binti akamshika mama yake kifundo cha mkono.

"Hapa ni saluni," Kinyozi akasema.

Mama Vifungo akafumba macho. Akasikia kalamu ya afisa ikibofywa, kisha viatu vikianza kugeuka.

"Huku mbele ni saluni," Kinyozi akasema tena. "Huko nyuma, kama unaingia, vua viatu. Mke wangu ndiyo kwanza amepiga deki."