Sitini kwa Arobaini

Mwalimu Wavinya aliiona kasoro kabla hata hajaweka mkoba chini. Matokeo ya mtihani wa moki yalikuwa yamebandikwa asubuhi hiyo ya Alhamisi kwenye ukuta wa chumba cha walimu, na aliyeongoza Fizikia, Kidato cha Nne, alikuwa Muindi Kilonzo, alama sabini na sita.

Muindi ni mwanawe wa kumzaa. Karatasi zote za Fizikia alikuwa amezisahihisha yeye mwenyewe, kwa kalamu yake nyekundu, na alikumbuka vizuri kwamba katika ile ya majaribio mtoto huyo alipata kumi na tano kati ya arobaini. Mtu wa kumi na tano hafiki sabini na sita, labda hesabu yake ipigwe na adui wa hesabu.

Alifurahi kwanza, tusimsingizie. Moyo ulimruka kama wa mzazi yeyote. Kisha mwalimu aliye ndani yake akaamka.

Fizikia ya Kidato cha Nne ina karatasi tatu. Mbili ni za nadharia, kila moja alama themanini. Ya tatu ni ya majaribio, ya kuunga waya na kusoma mita, nayo ina arobaini. Jumla ni mia mbili, na mtu asiyejua atagawanya kwa mbili, aandike asilimia, aende akanywe chai yake. Mtihani wa taifa hauhesabiwi hivyo. Zile mia moja na sitini za nadharia hupunguzwa zikawa sitini, na majaribio hubaki na arobaini zake kamili. Kwa hiyo alama moja uliyoipata umeshika waya inazishinda mbili ulizozipata umeshika kalamu. Kila mwalimu wa Fizikia analijua hilo kama anavyolijua jina la babake.

Gicheru hakulijua. Gicheru ndiye naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa Emali, baba yake alihamia huko kutoka Murang'a kuuza vipuri vya malori. Anafundisha Biashara, na anaipenda kompyuta yake kuliko chakula. Muhula huo alikuwa ametengeneza jedwali moja la masomo yote: unaingiza alama za kila karatasi, linajumlisha, linagawanya, linapanga nani wa kwanza nani wa mwisho. Kwa Hisabati lilikuwa sawa kabisa. Kwa Fizikia liligawanya kwa mbili likaenda kunywa chai.

Wavinya alichukua pakiti tupu ya chaki akaandika kwenye upande wake wa nyuma. Muindi: nadharia ya kwanza sabini, ya pili sitini na sita, yaani mia moja thelathini na sita. Zikipunguzwa, hamsini na moja. Ongeza kumi na tano za majaribio. Sitini na sita.

Akahesabu na za Ndunge, aliyekuwa wa pili ukutani. Ndunge alipata hamsini na mbili katika kila karatasi ya nadharia, na thelathini na saba katika majaribio. Thelathini na tisa, ongeza thelathini na saba. Sabini na sita.

Wangebadilishana nafasi. Na ingekuwa moki tu ya kujipima, mambo yangeishia hapo. Lakini chuo kimoja cha uhandisi cha Nairobi kilikuwa kimeomba mwanafunzi mmoja kutoka kila shule, akae huko wiki mbili za likizo ya Agosti, katika karakana zenye mashine ambazo watoto hawa wameziona kwenye picha tu. Mmoja, na awe aliyeongoza Fizikia kwenye moki. Jina lilitakiwa lifike kabla ya saa sita mchana wa Ijumaa. Muindi alikuwa ameisubiri nafasi hiyo tangu Kidato cha Tatu. Alikuwa ameshaazima begi la binamu yake.

"Madam, hongera!" Gicheru alisema akiingia na kikombe. "Kijana amewapiku wote. Hiyo ndiyo damu ya Fizikia."

Wavinya aliikunja ile pakiti ya chaki akaitia mkobani.

"Asante, deputy," akasema.

Basi. Hakusema uongo. Alisema asante, na asante si uongo. Hivyo ndivyo alivyojiambia akienda darasani, na tena alivyojiambia saa kumi kwenye paredi, mwalimu mkuu Nzau alipomwita Muindi mbele na shule nzima ikapiga makofi. Ndunge alipiga makofi pia. Ni msichana mrefu, mkimya, binti wa Musembi anayetengeneza betri za magari pale Kambu kando ya barabara kuu, na vidole vyake vina alama ndogo za kuungua. Wavinya alimtazama mara moja tu, halafu akaona afadhali atazame bendera.

Nyumbani walikuwa wawili tu. Kilonzo, mumewe, anafundisha shule ya msingi huko Kitui, huja mwisho wa mwezi. Wavinya alipasha isyo, mahindi na maharagwe ya jana, akaweka mezani sahani mbili, akangoja mtoto afurahi. Muindi alikuwa anachagua maharagwe akiyaacha mahindi, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka sita.

"Begi umelifua?" mama akauliza.

"Bado."

"Utalifua lini? Lifue kesho, likauke Jumamosi."

Muindi alinyanyuka, akaleta daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa mwisho, akalisukuma mbele ya sahani yake. Hamsini na moja, ongeza kumi na tano. Chini yake: thelathini na tisa, ongeza thelathini na saba. Mstari mmoja ulikuwa umepigwa chini ya kila jibu kwa rula, kama alivyomfundisha.

"Mwaitu," akamwita mamake, "si wewe ndiye ulitufundisha hii? Sitini kwa arobaini."

Wavinya aliinamia chakula chake.

"Nilihesabu leo break time, baada ya kuona ile list huko staffroom, na alama za kila paper," Muindi akasema. "Nikafikiri hujaiona. Nikasema kabla ya paredi utakuwa umeiona. Halafu nikaitwa mbele na wewe umesimama pale tu." Sauti yake haikupanda. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

Mtoto alitikisa kichwa polepole. Wavinya angependa amfokee, maana kelele mama anazijua namna ya kuzinyamazisha.

"Na nikienda huko, watanipatia waya nishike," Muindi akasema. "Mimi sijui kushika waya, mwaitu. Miaka minne nimeandika tu reading za wenzangu."

Hapo ndipo palipomchoma, kwa sababu ilikuwa kweli na aliyeifanya alikuwa yeye. Shule ina ammita tatu, zile mita za kupimia mkondo wa umeme, kwa wanafunzi thelathini na wanane. Tangu Kidato cha Kwanza, kila siku ya majaribio, Wavinya alimweka mwanawe kundi la mwisho, kiti cha mwisho, na kumpa kazi ya kuandika. Hakutaka mtu aseme mtoto wa mwalimu ndiye anayeshika vyombo. Walimu wenzake walimsifu, yeye mwenyewe alijisifu. Na hakuna aliyewahi kulalamika, hata mtoto. Kumi na tano kati ya arobaini: hiyo ndiyo bei ya sifa zake, na aliyeilipa ni Muindi. Asubuhi ile, alipoikunja pakiti ya chaki, alikuwa anajaribu kumrudishia mwanawe kwa kutoa mfukoni mwa Ndunge.

"Kula," akasema.

Ijumaa saa mbili na nusu alikuwa mlangoni kwa Gicheru na ile pakiti ya chaki. Gicheru aliisoma mara mbili, akafungua kompyuta, akakuna kidevu.

"Hii nitarekebisha, hapana shida. Lakini hilo jina limeshatiwa sahihi, Madam. Na ni moki tu. Na ni mtoto wako! Nani atauliza?"

"Ndiyo sababu nimekuja mimi."

"Tuseme basi kompyuta ilikosea, ukagundua leo. Itaeleweka."

Hapo palikuwa na mlango wa kutorokea, na Gicheru aliufungua kwa roho safi kabisa, maana ni mtu mwema. Wavinya alisimama penye mlango huo kidogo. Kisha wakaingia wote wawili kwa mwalimu mkuu.

Nzau alisikiliza akiwa ameshika kalamu hewani. Alikuwa na barua ya chuo mbele yake, jina la Muindi limeandikwa kwa mkono, herufi kubwa.

"Mungu ni mwema umeona mapema," akasema, akaanza kukata jina. "Kompyuta hizi! Umegundua asubuhi hii?"

"Hapana, mwalimu. Niligundua jana asubuhi. Kabla ya paredi."

Kalamu ilisimama. Gicheru alitazama viatu vyake.

"Jana asubuhi," Nzau akarudia.

"Niliona, nikahesabu, nikanyamaza. Nilitaka mtoto wangu aende."

Nzau hakumgombeza. Alimaliza kulikata lile jina, akaandika Ndunge Musembi juu yake, akaomba Gicheru amwite msichana. Wavinya alisubiri hapo hapo, ingawa hakuna aliyemwambia asubiri, na Ndunge alipoingia alimweleza yote mwenyewe, na ile ya jana asubuhi hakuiruka. Ndunge aliisoma barua, akauliza kama huko watakuwa na mashine za kuchomelea. Kisha akamwangalia mwalimu wake.

"Nilijua nilifanya vizuri practical," akasema. "Nikafikiri pengine huko juu hawaihesabu sana."

Wavinya akamwomba msamaha. Msichana alisema ni sawa, kwa ile sauti ambayo watoto huitumia kwa wakubwa wakati si sawa.

Jumatatu majaribio yalikuwa ya mkondo wa umeme. Wanafunzi walipojipanga, Muindi alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha nyuma, akatoa kalamu.

"Muindi, weka hiyo kalamu," Wavinya akasema. "Kuja hapa mbele."

Darasa zima likageuka. Mtu fulani akaguna, na mtu mwingine akacheka puani. Wavinya alifungua kabati, akatoa ammita iliyo nzima kuliko zote, akaiweka mikononi mwa mwanawe mbele ya macho ya wenzake wote thelathini na saba.

Muindi aliunga waya zake taratibu. Alipofunga swichi, mshale ulirukia nyuma, chini ya sifuri: amegeuza, chanya penye hasi. Kando yake Ndunge alishaona, akauma mdomo. Wavinya naye alishaona kabla ya swichi kufungwa. Aliifunga mikono nyuma ya mgongo, akaishikilia hapo, mmoja umebana mwingine, na akangoja mpaka kijana akaona mwenyewe, akazichomoa waya, akaanza upya.