Komeo la Banda la Kahawa

Siku serikali ilipolichukua shamba la kahawa la yule Mzungu kule juu ya Karatu, Ndugu Wilibrodi, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, aliling'oa komeo la banda la kuchambulia kahawa kwa mtaimbo, akalitumbukiza chooni mbele ya watu wote. Miaka ishirini wanawake walikuwa wakifungiwa humo kwa nje, kuanzia saa moja hadi saa kumi, eti wasitoke na punje kwenye mikunjo ya kanga. Mambo ya kufungiana yamekwisha, alisema Wilibrodi, na watu wakashangilia mpaka sauti zikawakauka.

Asubuhi iliyofuata, wanawake walipokwisha kuketi mbele ya kahawa zao, komeo lililia kwa nje, kama linafungwa. Kila mtu alikuwa ameliona likizama, lakini walilisikia. Hakuna aliyetoka hadi saa kumi, lilipolia tena mlio wa kufunguliwa.

Scholastika alifika kutoka Singida mwaka wa pili wa mambo hayo, 1975. Aliambiwa tu kwamba ukishakaa hutoki. Aliona ni upuuzi, mpaka alipousikia mlio huo kwa masikio yake na akashindwa kuinuka. Tangu hapo akawa anamwacha mwanawe Hilari, wa miezi mitano, kambini kwa jirani yake Marsela, huku maziwa yakimvuja kutwa nzima. Aliona aibu, na hakumwambia mtu.

Asubuhi moja ya Septemba mtoto aliamka na homa, kifua kikikoroma. Scholastika alikwenda kazini hivyo hivyo, maana asiyefika aliandikwa mtoro, kama zamani tu. Saa tano akamsikia Marsela nyuma ya ukuta wa mbao.

"Mama Hilari, toka. Mtoto halii tena, anahema tu. Sista wa misheni yuko hapa na gari, lakini hawezi kungoja."

Scholastika aliufikia mlango, akauwekea kiganja. Haukusogea. Nyuma yake wanawake thelathini waliendelea kuchambua, nyuso chini. Bibi Sara, aliyekuwepo tangu enzi za Mzungu, ndiye peke yake aliyenena.

"Kaa, mwanangu. Saa kumi atatufungulia."

"Nani?"

Bibi Sara aliinua uso. Alikuwa kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

Scholastika akafumba macho, akausukuma mlango kwa bega. Ukafunguka kirahisi mno, akaanguka kifudifudi nje. Haukuwa umezuiwa na chochote. Alipogeuka alimwona Bibi Sara akiuvuta polepole kwa ndani, akiurudishia, na uso wake ulikuwa wa huruma.

Hilari alipona kwa sindano za siku nne. Sista, Mmarekani mtu mzima mwenye mikono ya kazi, hakucheka aliposimuliwa. Alisema bibi yake alishona mashati kwenye kiwanda cha mji wao, wakifungiwa vivyo hivyo, na moto ulipozuka wenzake wengine waliungua humo. Watu wakaandamana, sheria ikapitishwa, na yule bibi akafa akijua yamekwisha.

"Mwaka jana nilirudi likizo," alisema. "Sasa kuna kiwanda cha kuku. Mlango una mnyororo. Niliwauliza akina mama wanaofanya kazi humo, wakaniambia umekuwa hivyo siku zote."

Siku ya tano Scholastika alirudi bandani na Hilari mgongoni. Hakwenda mahali pake. Aliweka kigoda kizingitini, katikati kabisa, mlango ukiwa wazi nyuma yake na jua likimwangukia shingoni. Aliyetaka kuufunga ilibidi kwanza amkanyage yeye. Akampa mtoto ziwa, akajisikia mshindi.

Saa moja komeo likalia. Scholastika alikaza meno, akaapa moyoni kwamba hakusikia kitu. Lakini Hilari aliliachia ziwa, akageuza kichwa kuuelekea mlango ulio wazi, akatulia tuli, akingoja kufunguliwa.