Mfungwa wa Ukoo Wetu

Miaka yote ukoo ulisema kwamba Mzee Ndalahwa alikwenda Tanga kukata mkonge. Kitukuu wake Nyanjige, mwalimu wa Bariadi aliyekuwa akiandika kitabu cha ukoo, alifukua nyaraka za zamani Dar es Salaam, akamkuta kwenye daftari la magereza la mwaka 1953. Alifungwa miaka miwili na kazi ngumu, kwa kukataa ng'ombe wake wapunguzwe kwa amri ya mkoloni.

Siku ya mkutano wa ukoo, alipotakiwa kusoma aliyoyaandika, baba yake mkubwa, Athanasi, alimvuta pembeni.

"Andika alikwenda mkongeni, mwanangu. Usituvue nguo mbele ya wakwe."

"Siandiki uongo, baba. Hakuiba. Alikataa kuibiwa."

"Ukisoma hayo, mimi naondoka."

"Basi nitasoma kwa sauti, uyasikie ukiwa njiani."

Akasimama, akasoma yote, hadi namba ya mfungwa. Athanasi akachukua kofia yake, akatoka.

Ndipo Bibi Esteria, binti wa mwisho wa Ndalahwa, alipojiinua kwa mkongojo. Alikuwa na miaka saba baba yake alipochukuliwa. Wenzake walimzomea kisimani kuwa ni mtoto wa mfungwa, na mama yake akamkanya asiulize kitu.

"Soma tena," alisema. "Taratibu, na hawa wa nyuma wasikie."

Nyanjige akarudia kwa sauti ya darasani. Kule langoni, Athanasi alikuwa amekwisha kupanda pikipiki yake, lakini hakuiwasha.