Nani Alimchagua Hruska

Kila timu kubwa ya mpira wa kikapu huongozwa na watu wawili, mmoja mwenye pesa na mwingine mwenye akili. Korongo wa Toledo walikuwa nao wote wawili, ila kila mmoja aliamini kwamba yeye ana vyote.

Mwenye pesa alikuwa Augie Kovach, mmiliki wa timu, aliyetajirika kwa kuuzia nusu ya Ohio milango ya gereji. Mwenye akili, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa meneja mkuu Leland Pruitt, mtu mwembamba aliyevaa tai hata akialikwa nyama choma kwa jirani. Siku ya kuchagua wachezaji chipukizi ilipofika, Leland alimtaka kijana mmoja wa Memphis, mfupi, mwepesi wa mikono kama mwizi wa sokoni. Kovach akakataa katakata. Alikuwa ametoka kula na Tanner Hruska, jitu la Nebraska, na jitu hilo lilikuwa limemwita "mheshimiwa" na kumshikia koti avae.

"Mtoto mwenye adabu namna ile atakosaje kucheza?" Kovach alisema.

"Bosi, adabu haifungi vikapu."

"Timu ya nani hii, Leland?"

Swali hilo lina jibu moja tu. Leland alipiga simu kwa wakuu wa ligi na kulitaja jina la Hruska kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Moyoni hakuwa na wasiwasi. Desturi ya kazi hiyo aliijua: mchezaji akiharibu, lawama hubebwa na meneja. Alikwisha kujiandaa kuonewa, na mbele ya kioo alikuwa amefanyia mazoezi uso wa mtu anayeonewa.

Kwa masikitiko makubwa, Hruska akang'ara.

Alifunga, alizuia, aliokota mipira iliyorudi kama mtu anayechuma matofaa. Uwanja mzima ukaimba, "Au-gie! Au-gie!" na Kovach akasimama kule juu kwenye viti vya wakubwa, akiwapungia mkono kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Duka la mikate karibu na uwanja likaoka keki yenye sura yake. Leland alinunua moja, akaila akianzia na macho.

"Timu yako inashinda, mume wangu," mkewe Corinne alimwambia mezani.

"Najua inashinda. Inashinda vibaya."

"Yaani unamwonea wivu muuza milango?"

"Wivu? Mimi?" alisema Leland, na nyama aliyokuwa akiikata ikaruka hadi sakafuni.

Wiki ile alialikwa redioni kwa Bev Tolliver, mtangazaji anayesikilizwa na Toledo nzima kila asubuhi. Leland alikwenda na nia safi kabisa ya kuwa mnyenyekevu.

"Watu wanasema Mzee Kovach ana jicho kali," Bev alianza.

Nia safi ikaishia hapo. "Bosi ni mtu mwema, acha wamsifu," alisema Leland. "Lakini Hruska nilimwona mimi. Yeye alimtaka mtu mwingine."

Jioni Kovach alimpigia simu. "Nimekusikia redioni. Kumbe una sauti nzuri," alisema, akakata.

Baada ya Krismasi, wapinzani waligundua jambo moja kuhusu Hruska. Akimwangusha mtu, alisimama kumwinua na kumpangusa vumbi, huku wenzi wa mtu huyo wakienda kufunga bila kusumbuliwa. Basi wakawa wanaanguka mbele yake kwa zamu. Korongo wakapigwa nyumbani, wakapigwa ugenini, hadi wenye tiketi wakaanza kuzigawa kwa watu wasiowapenda.

"Mimi nauza milango tu," Kovach aliwaambia waandishi. "Leland ndiye aliyemwona. Si alisema mwenyewe?"

Ukaitishwa mkutano na waandishi wa habari. Kila mtu alijua ratiba: Leland atakiri, kisha atafukuzwa.

"Waambie ukweli," Corinne alimsihi.

"Ukweli niliuua mwenyewe redioni. Nani atanisadiki?"

Ukumbi ulijaa waandishi na mashabiki. Leland akashika kipaza sauti. "Kosa ni langu," alisema. "Si la kocha, si la kijana, si la bosi." Hapo akamkumbuka yule mfupi wa Memphis, na sauti ikamkatika kwelikweli.

Shabiki mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Angalau mji huu una mtu mmoja anayekubali kosa! Tunakupenda, Leland!" Makofi yakalipuka. Bev Tolliver alifuta machozi.

Leland aligeuka akaona uso wa Kovach. Aliutambua mara moja, maana ndio uso aliokuwa akiunyoa kila asubuhi tangu msimu uanze.

Kovach akanyakua kipaza sauti. "Ngojeni kwanza! Mnamlilia huyu? Hruska nilimchagua mimi! Huyu hakumtaka hata kidogo!"

"Kwa hiyo kosa ni lako, mzee?" Bev aliuliza.

"Langu! Lote! Huyu hana hata robo!"

"Robo ninayo, bosi," alisema Leland, akivuta kipaza sauti upande wake. "Simu nilipiga mimi."

"Ulipiga kwa sababu nilikuamuru!"

"Ningeweza kukataa."

"Wewe? Ukatae?"

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha mtu akaanza, "Au-gie!" na wengine wakaitikia. Tajiri aliyekiri kosa bila kulazimishwa na mtu! Toledo ilikuwa haijawahi kuona kitu kama hicho. Suala la kufukuza likafa palepale, kwani mwenye timu angemfukuzaje mtu kwa kosa aliloling'ang'ania yeye mbele ya kamera?

"Njoo kesho asubuhi," Kovach alimwambia Leland wakitoka, akimpiga bega. "Tumtafutie yule mtoto mwalimu wa utundu."

"Sawa, bosi."

Leland alisimama kwenye ujia, akampigia mkewe simu.

"Vipi? Kazi bado unayo?" Corinne aliuliza.

"Ninayo."

"Jamani, ashukuriwe Mungu! Sasa mbona umenuna hivyo?"

Leland aliusogeza mlango kwa mguu ili kelele za ukumbini zipungue. Hazikupungua.

"Wanamwimbia yeye," alisema.