Bawaba Inayocheza

Roboti ilikamilika Jumamosi, wiki nzima kabla ya gari la shule kuja kuipeleka mashindanoni, na aliyefurahi kuliko wote hakuwa mwanafunzi. Alikuwa fundi wa mageti, mwenye karakana, ambaye meza yake kubwa ya chuma ilikuwa imetekwa na watoto tangu muhula uanze.

"Imekwisha?" aliuliza, akijifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Imekwisha, baba," binti yake akasema.

"Imekwisha kweli, au imekwisha ile ya juzi?"

"Kweli, baba. Hatugusi tena hata nati."

Fundi alishusha pumzi. Alikuwa na ule uchovu usioondoka kwa kulala, labda kwa sababu hakuwa analala. Mchana alichomelea mageti ya watu akiwa amepiga magoti sakafuni, kwa kuwa meza haikuwa yake tena. Jioni alisubiri watoto wamalize, maana huwezi kuwaachia watoto wa watu karakana yenye mitungi ya gesi ukaenda zako kuoga. Mkewe alikuwa muuguzi wa zamu; walikuwa wakipishana mlangoni, mmoja akirudi na mwingine akitoka, wakisalimiana kama majirani. Na binti mwenyewe alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani, anakula amesimama. Fundi hakuwa na haja ya kikombe cha ushindi. Alitaka meza yake, na mtoto wake alale.

Aliyemletea balaa hilo ni mwalimu wa sayansi. Shule haikuwa na chumba cha kufanyia kazi yenye vumbi na kelele, akaja kuomba kona ya karakana. "Kwa muda mfupi tu, fundi." Muda mfupi ukaota mizizi.

Walikuwa watatu. Binti yake ndiye nahodha. Mwenzake wa kike waliyemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Na kijana mmoja mpole, Kipara, aliyeandika maelekezo ya kompyuta. Kila jioni Kipara aliuchomoa ubongo wa roboti, kibao chembamba chenye nyaya kisichozidi kiganja, akaenda nao kwao ndani ya kopo la chakula. Aliogopa panya wa karakana. Fundi alikuwa ameapa kwamba karakana haina panya, lakini alisema hivyo huku akitazama pembeni.

Roboti ilikuwa na ukubwa wa beseni la kufulia: magurudumu manne, mota mbili, fremu ya mabomba ya mraba yaliyobaki kwenye mageti, na mbele beleshi la bati lililofungwa kwa bawaba. Kazi yake ilikuwa kupita uwanjani, kuzoa mipira ya raba na kuimwaga kapuni. Waliipa jina la Shangazi, kwa sababu ikiingia mahali haitulii. Inazoa kila kilichoachwa chini huku ikinung'unika. Dada yake fundi hakuambiwa habari hizo.

Fundi naye alikuwa na jina lake. Mtaa mzima ulimwita Kaza. Ukimpelekea kiti, kaza. Ukimpelekea baiskeli, kaza. Kinyozi wa jirani aliwahi kuja kumlalamikia mambo ya ndoa yake, naye akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia neno hilo hilo.

Basi, roboti ikakamilika, na fundi akadhani atapumzika. Wapi! Jumatatu jioni hao hapo.

"Si mlisema imekwisha?"

"Tunaizoesha tu, mzee," Redio akasema. "Hata mchezaji mpira akishajua kucheza, si anaendelea na mazoezi?"

"Mchezaji mpira ana uwanja wake. Hapo ni mezani kwangu."

"Tukiondoka utatukumbuka."

"Nijaribuni nione."

Wakatandika mikeka ya mpira sakafuni, vipande vipande, kama ile ya uwanja wa mashindano, na Shangazi akaanza safari zake. Kila beleshi lilipopita kwenye maungio ya mikeka lilirukaruka: kwa, kwa, kwa. Fundi alikaa juu ya debe la rangi, kichwa kikimgonga.

"Nini hicho kinagonga?"

Binti akachuchumaa mbele yake na kuanza kumweleza. Alieleza kirefu, kwa mikono yote miwili, kama alivyoeleza mambo tangu akiwa mdogo. Fundi alifumba macho.

"Umenielewa, baba?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo."

Hakuwa amesikia hata neno moja.

Alhamisi watoto hawakuja, walikuwa na mtihani. Asubuhi hiyo mteja mmoja alirudi na malalamiko: geti lake linacheza. Alisema kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakipita, kwamba kama mtu anaitwa Kaza basi akaze. Fundi alikwenda, akapiga magoti, akakaza, akarudi mgongo ukimuuma na maneno yale yakimuuma zaidi. Akaketi mezani na chai yake na kipande cha mkate. Kiwiko chake kikagusa beleshi la Shangazi.

Kwa.

Akaligusa tena kwa kidole. Kwa, kwa. Lilining'inia kwenye bawaba yake kuukuu kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Alijaribu kunywa chai. Haikupita. Ukweli ni kwamba mtu aliyeishi miaka yote akikaza vitu hawezi kukaa meza moja na kitu kinachocheza, kama ambavyo mama hawezi kukaa karibu na mtoto mwenye kamasi. Akawaza: watoto hawa wametoa jasho, wanakwenda kusimama mbele ya watu, na kitu chao kinaning'inia. Tena kimetoka karakana kwangu. Watasema nini?

Akachomoa betri, kama anavyofanya kabla ya kuchomelea gari. Ubongo haukuwapo, ulikuwa kwao Kipara, ndani ya kopo. Akavaa ngao usoni, akachomelea bawaba huku na huku. Ilikuwa kazi ya muda mfupi. Alipoinua ngao aliutazama mshono: umelala vizuri, mstari mmoja, kama magamba ya samaki. Akalisukuma beleshi. Kimya. Alikunywa chai yake imepoa, na ilikuwa tamu.

Hakumwambia mtu. Aliona kama ni zawadi, wataikuta wenyewe.

Ijumaa walikuja moja kwa moja kutoka shuleni, wamebeba boksi na magodoro ya sponji ya kufungia. Gari lingekuja kesho asubuhi. Walitaka kuiendesha mara moja ya mwisho, ya kuagana, kisha waifunge.

Shangazi aliondoka vizuri. Akafika kwenye maungio ya mikeka. Ncha ya beleshi ikaingia chini ya ukingo, ikashika, na nyuma ya roboti ikanyanyuka taratibu hadi ikaanguka kifudifudi, magurudumu yakizunguka hewani.

"Kajikwaa," Redio akasema.

Wakairudisha. Ikajikwaa tena palepale. Mara ya tatu betri ilichomoka na kubingirika hadi chini ya mashine ya kukatia chuma, na hapo hata Redio alinyamaza.

Binti alipiga magoti. Akalisukuma beleshi kwa kidole, kisha kwa mkono. Akainama akatazama chini yake, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka hakuwatazama wenzake.

"Baba. Umeigusa?"

Fundi alikuwa na spana mkononi. Kusema hapana kusingemsaidia. Mshono ule ulikuwa kama sahihi yake, na mtoto alikuwa amekua akiuona kwenye kila geti la mtaani.

"Nimeikaza," akasema. "Ilikuwa inacheza."

"Ilikuwa icheze!" Redio akapiga kelele. "Mzee, hiyo ndiyo kazi yake! Inacheza ili ipande na kushuka na sakafu! Tumehangaika na bawaba kila aina, mpya zote zinashika, mpaka tukaipata hiyo kwenye vyuma chakavu..."

"Redio, zima," Kipara akasema kwa upole.

"Nilikueleza, baba," binti akasema. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jumatatu. Ulikuwa umekaa pale. Nikakuuliza umenielewa, ukasema ndiyo."

"Nilikuwa nasinzia."

"Na mimi nilikuwa nasinzia. Lakini nilieleza."

Akaketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, akafunika uso kwa mikono. Hakulia. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulia kungekuwa kazi nyingine. Fundi alimtazama, akaona jinsi mifupa ya bega ilivyosimama chini ya sare ya shule. Ile wiki nzima aliyoipata mtoto kwa kujinyima usingizi, yeye ndiye aliyeila, kwa mshono mmoja mzuri.

Akachukua grenda, akaukata.

Bawaba ilitoka vipande viwili, haifai. Rafu yake ilikuwa na bawaba za kila ukubwa, zote mpya, zote zimebana, na zote alijivunia. Wakajaribu mbili. Zilishika. Akazipaka grisi, zikashika kwa ulaini. Akapekua vyuma chakavu. Zilizobaki zilikuwa zimeganda kwa kutu.

"Tunataka iliyotumika," Kipara akasema. "Imefunguliwa na kufungwa miaka, mpaka imechoka."

"Imechoka vipi?"

Kipara akafikiri. "Kama sisi."

Fundi akaweka koleo chini. Ilikuwapo moja tu katika mtaa huu mzima, maana nyingine zote alikwisha zikaza yeye mwenyewe.

Alimkuta mkewe jikoni amevaa sare, anajiandaa kwa zamu, anakunywa chai amefumba macho. Fundi alipita na bisibisi hadi kwenye mlango wa uani, ule ambao ulikuwa ukipigapiga kila upepo ukija, na ambao mkewe alikuwa ameulalamikia hadi akachoka kuulalamikia.

Mkewe akafumbua jicho moja. "Siamini. Leo ndiyo unaukaza?"

"Nauchukua."

"Unaupeleka wapi?"

"Bawaba. Ya mtoto."

Akamweleza kwa kifupi, akifungua skrubu. Mkewe alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akaja kuushika mlango usimwangukie.

"Kwa hiyo milango ya watu imebana," akasema, "wetu unalegea miaka yote, na siku unapotakiwa kulegea ndipo tunauvua."

"Ushike vizuri."

"Nimeshika. Wewe ndiye unayeyumba. Umekula?"

Hakuwa amekula. Mkewe akamtia kipande cha mkate mfukoni, kama mtoto wa shule. Wakauegemeza mlango ukutani na kuziba nafasi kwa meza ya kupigia pasi.

Karakanani watoto walikuwa wakimsubiri. Akaishika bawaba kwenye mwanga, akaitikisa. Kwa, kwa. Akaifunga kwa bolti, si kwa moto. Mkono wake, kwa mazoea, ukaipeleka spana mzunguko mmoja zaidi.

"Legeza, baba."

Akalegeza.

"Zaidi."

"Zaidi ya hapo itaanguka, mama."

"Haianguki. Legeza."

Kulegeza kulimuuma kuliko kupiga magoti. Aligeuza spana kidogo kidogo, kama mtu anayevua bandeji, huku binti yake akiwa amelaza kidole juu ya beleshi, anasikiliza.

"Hapo," akasema. "Usipumue."

Wakaishusha mikekani. Shangazi akaondoka, akafika kwenye maungio, beleshi likaruka, likatua, likaendelea. Kwa, kwa, kwa. Ilizoa mipira yote, ikaimwaga kapuni, ikasimama. Hakuna aliyeshangilia. Redio alifungua mdomo, akapiga mwayo. Waliiendesha tena, kisha tena, kwa kuwa sasa hakuna aliyeamini kitu, mpaka fundi akawasha taa. Baada ya hapo wakaifunga na sponji. Kipara akaondoka na kopo lake. Ile wiki ya ziada ilikuwa imekwisha, wakabaki na muda uleule ambao kila timu ilikuwa nao.

Asubuhi gari lilipokuja, mwalimu wa sayansi alishuka akiwa mchangamfu, amelala vizuri, amenyoa. Akasifu. Akasema shule haijawahi kuwa na timu iliyomaliza mapema namna hii, hajui watoto hawa walifanyaje. Redio alikohoa. Mwalimu akafunua sponji, akainama, akaligusa beleshi.

"Eh, fundi," akasema. "Hii mbona inacheza? Si ungeikaza kidogo, tuna dakika..."

"Usiguse!"

Lilitoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Dereva aligeuka. Mwalimu aliondoa mkono kama aliyegusa pasi.

"Inatakiwa icheze," fundi akasema, safari hii polepole. "Ili ipande na kushuka na sakafu. Muulize binti yangu. Na akikueleza, msikilize."

Binti yake alikuwa amekwisha panda, kichwa kwenye kioo. Hakutabasamu sana, nguvu hizo hakuwa nazo. Alimpungia mkono kwa vidole viwili, na kabla gari halijakata kona alikuwa amelala, mdomo wazi, boksi la Shangazi limebanwa katikati ya magoti yake.

Fundi alirudi ndani. Meza ilikuwa tupu, kubwa kuliko alivyoikumbuka. Geti la mteja mwingine lilikuwa limeegemea ukutani likisubiri, na nyumbani mlango uliegemea vilevile. Aliitazama meza. Aliifuta kwa kiganja, akatoa ule mkate mfukoni, akauweka pembeni. Kisha akapanda juu ya meza na viatu vyake, akajilaza chali, akalala.