Chumba cha Chini

Fundi cherehani alitafuta chumba cha chini, maana mama yake hakuweza kupanda ngazi tangu apooze mguu. Cha sita alichoonyeshwa na dalali kilimtuliza moyo: kikavu, choo ndani, dirisha pana.

"Utakaa na nani?" mwenye nyumba akauliza.

"Na mama. Anaumwa kidogo."

"Pole, dada. Sitaki msiba nyumbani kwangu."

Dalali akainamisha kichwa. "Kimebaki cha ghorofa ya nne," akasema.

Nyumba waliyokuwa wakiishi ilikuwa ibomolewe Jumatatu, kwa hiyo akakubali. Majirani wawili walimpandisha mama kwa kiti. Alipofika juu akazitazama ngazi, akacheka kidogo.

"Nitashuka mara moja tu, mwanangu, na siku hiyo nitabebwa bila kulalamika."

"Usiseme hivyo, mama," fundi akajibu.