Sioni Njia Nyingine

Zamani, pale Crystal City, karatasi za hataza, hati za kulinda uvumbuzi wa mtu, tulizitunza kwenye droo ndefu tulizoziita viatu. Mimi na Walt Brubaker tulikuwa wakaguzi wa maombi ya hataza, ofisi moja, meza zikitazamana, kutwa tunapekua mpaka vidole vinakauka. Walt alishakufa, viatu vilitupwa, nami sasa ni jaji wa hataza Alexandria, nasomea kwenye kompyuta. Siku zile nazililia mpaka leo, wala sioni haya kusema.

Wiki iliyopita tuliketi majaji watatu juu ya hataza ya Noreen Tackett, mhandisi wa Roanoke. Alibuni njia ya kundi kuzungumza kwa siri mtandaoni: mmoja akitoka, ufunguo wa siri unabadilika kwa waliobaki bila kundi zima kuanza upya. Kampuni moja kubwa ilitaka ifutwe, eti mwaka 1996, alipoiomba, fundi yeyote wa kawaida angeliwaza hilo, na jambo lililo wazi hivyo halipewi hataza. Ikifutwa, Noreen hana kingine maishani. Jaji Pruitt alisema ifutwe, Dana Lindqvist alisema ibaki. Ikabaki kura yangu.

"Ifutwe," nikasema. "Mimi nilikuwepo. Mwaka ule jambo hilo lilikuwa peupe."

Dana akacheka. "Bibi wa viatu! Unakumbuka kweli, au umeshaliona jibu ndiyo maana unajifanya ulilijua?"

"Nikome, Dana. Mwaka ule wewe ulikuwa chekechea."

"Haya, bosi. Nilikuwa chekechea, lakini sikusema nilijua."

Ikaniuma. Nilipofika nyumbani nikafungua sanduku la madaftari yangu ya kazi, nipate cha kumfunga mdomo. La 1996 nikaliona. Mwandiko wangu: "Mtu akitoka, kundi zima lianze upya. Sioni njia nyingine." Chini yake, mwandiko wa Walt: "Hata mimi. Twende tukale."

Nikakaa sakafuni nikalia. Miaka yote hii nasimulia jinsi mimi na Walt tulivyokuwa hatupitwi na kitu.

Daftari si ushahidi, sikulitaja kwa mtu. Asubuhi nikalisoma jalada upya, nikijilazimisha kusahau jibu. Kampuni ilileta maandiko mawili ya zamani, kila moja likiwa na nusu tu ya wazo la Noreen, na hakuna popote palipomwonyesha fundi sababu ya kuyaunganisha.

"Ibaki," nikamwambia Dana.

Akanitolea macho. "Kulikoni tena?"

"Mwaka ule sikuona njia nyingine," nikasema. "Twende tukale."